Kampuni Iliyozaliwa Miburani

Siku hizi ukitaka kujua kampuni ile ilianzaje, wamekuandikia kwenye tovuti yao. Ilianza Dar es Salaam, wanasema, katika chumba kimoja cha kukodi, na mwanzilishi mmoja aliyechoka kuona biashara za nyumbani zikitegemea mifumo ya kigeni. Chumba kweli kilikuwa kimoja. Lakini hakikuwa Dar es Salaam, wala hakikuwa cha kukodi. Kilikuwa chumba cha uani nyumbani kwetu Miburani, ile ya kisiwani Mafia, alichokuwa akilala marehemu bibi yangu, na waanzilishi tulikuwa wawili.

Mwenzangu si mtu niliyekutana naye ukubwani. Mama yake alipangiwa kazi ya uuguzi Mafia akitokea nyanda za juu kusini, na aliposhuka kisiwani alikuwa na mtoto wa kike wa umri wangu na baridi ya kwao bado imo kwenye nguo. Walipanga nyumba ya jirani yetu. Wao Wakristo, sisi Waislamu. Mwezi wa Ramadhani mama yangu alikuwa akiwapelekea futari kila jioni, na Krismasi ikifika mama yake alimwita mjomba wangu aje awachinje kuku, ili na sisi tule bila wasiwasi. Sisi watoto hatukuona ajabu. Nilikuwa na mama wawili na yeye alikuwa nao wawili, basi.

Tulisoma pamoja mpaka tukatenganishwa na vyuo. Yeye alikwenda Dar kusomea kompyuta, mimi nikasomea ugavi, nikarudi kuwa mtunza stoo katika hoteli moja ya Utende. Ilikuwa miaka ile hifadhi ya bahari imekwisha kuwaleta wageni, na hoteli zimeota ukingoni mwa ghuba. Wageni walikuja kupiga mbizi, na msimu wa papa potwe walikuja kwa wingi zaidi. Wao waliona samaki. Mimi niliona mitungi ya hewa, mafuta ya boti, mashuka, sabuni, unga, na vipuri ambavyo havipatikani kisiwani hata ukilia. Mtunza stoo wa mjini kitu kikimwishia hutuma mtu dukani. Kwetu kikiisha kimeisha, mpaka boti ije au ndege itue.

Mwenzangu alirudi nyumbani masika moja, hoteli zimefunga, kwa sababu mama yake alikuwa amevunjika mguu. Mchana alikuja kunitembelea akanikuta nahamisha hesabu za stoo kutoka kwenye kadi kuingiza kwenye kompyuta, safu baada ya safu.

"Shoga, unafanya kazi ya punda."

"Nitengenezee ya binadamu basi."

Alidhani namtania. Nami nilidhani najitania mwenyewe. Kesho yake alikuja na kompyuta yake, akaniambia, "Haya, nieleze. Kitu kikishuka kwenye boti, nini kinafuata?"

Masika nzima ilikwisha hivyo. Nilieleza, akaandika programu. Nikaijaribu, nikamwambia pale umekosea, akavua miwani akasugua macho akaanza upya. Mama yake, mguu ukiwa kwenye plasta, alikaa kwenye kiti mlangoni akituchambulia mchele na kutuuliza kama hayo tunayoyafanya yana mwisho. Mama yangu alileta chai na vitumbua. Tuligombana kama ndugu wanavyogombana. Yeye alitaka maneno yote kwenye kioo yawe ya Kiingereza, ndivyo alivyofundishwa. Nikamwambia watunza stoo ninaowajua watabonyeza wasichokielewa halafu watanipigia mimi. Akakubali: Pokea. Toa. Hesabu. Kimeharibika. Halafu nikataka kitufe cha tano, Kimetoka Bila Kuandikwa.

"Huwezi kuweka kitufe cha wizi kwenye programu," alisema.

"Si wizi. Boti imezimika nje na wageni wamo. Fundi anaruka stoo, anachukua plagi na mafuta, anakimbia. Nani ataandika? Baadaye mtu anaona aibu kusema, hesabu inakaa na uongo mwaka mzima."

Alicheka mpaka mama yake akauliza kuna nini. Lakini alikiweka. Kuna meneja wa hoteli aliyeniambia miaka ya baadaye kuwa alinunua mfumo wetu kwa sababu ya kitufe hicho tu, maana kilimwonyesha kuwa waliotengeneza wamewahi kukaa stoo.

Jambo jingine lililotubeba ni mtandao, au tuseme kukosekana kwake. Mifumo ya wakubwa ilihitaji mtandao saa zote, na mtandao wetu ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye nyumba mbili. Mwenzangu aliijenga programu ifanye kazi peke yake siku nzima, na mtandao ukirudi ijipeleke yenyewe. Usiporudi, mtu anatia hesabu kwenye flashi anampa mwenzake anayepanda ndege. Hiyo ilikuwa akili yake, si yangu, na sitamnyang'anya.

Bosi wangu alikubali tuijaribu. Hoteli ya jirani ikaona, ikataka. Kisha ikawa hatuendi kutafuta wateja, wateja ndio wanaotawanyika, kwa sababu mameneja wa hoteli hawakai. Mmoja alihamia Zanzibar akatupigia simu kutoka huko. Mwingine alikwenda kwenye kambi za watalii kaskazini, akaomba tumfungie na huko. Wavuvi wa Bwejuu, kisiwa kidogo jirani na Mafia, walipounda kikundi wakapata jokofu kubwa la samaki, tuliwapa programu ile ile kwa makubaliano ya ujirani, nami nikavuka mwenyewe kwenda kuwafundisha. Katibu wao, mwanamke wa rika langu, aliishika kwa haraka, na tangu hapo nikifika Bwejuu sikuondoka bila kula kwake.

Niliacha kazi hotelini. Tukapaka rangi chumba cha bibi, tukaweka meza ya pili, tukaajiri watu. Mwenzangu ndiye aliyehamia Dar, maana wateja wapya walitaka ofisi wanayoweza kuifikia bila kupanda ndege. Kabla hajaondoka tulikaa uani tukagawana kazi. Yeye programu na mambo ya serikali, mimi wateja na mafunzo. Kuhusu usajili wa kampuni alisema, "Niachie mimi, nitakuwa karibu na ofisi zao." Nikamwachia. Mtu aliyekula sahani moja nami tangu tuna meno ya utoto, ningemwambia alete nisome?

Ilikua. Nasema ilikua kama mtu anavyosema juu ya mtoto anayelelewa mbali: kila ukimwona, nguo za zamani hazimtoshi. Ofisi ya Dar ilianza na vyumba viwili, ikachukua ghorofa nzima. Mara ya kwanza nilipokwenda, wafanyakazi walisimama wote wakanisalimia kwa sababu aliwaambia mimi ni nani. Mara nyingine walisimama nusu yao. Kisha ikafika siku binti wa mapokezi aliinua uso akaniuliza kwa adabu zote, "Shikamoo mama. Una miadi na nani?"

Siku hiyo kulikuwa na mkutano na watu wenye mahoteli makubwa na wawekezaji waliotoka nje. Mwenzangu alinishika mkono akaniingiza, akanitambulisha, "Na huyu ni dada yetu wa Mafia. Anatusaidia na wateja wa kule."

Anatusaidia. Nilikaa na neno hilo mkutano mzima, sikumbuki wengine walisema nini. Tulipotoka koridoni nilimuuliza.

"Ni lugha ya biashara tu, shoga," alisema, macho yake kwenye simu. "Wale hawataki hadithi ndefu. Twende tukale."

Tukaenda tukala. Wali wa nazi na changu. Akanichekesha kama zamani, nikarudi Mafia nikijilaumu kwa kuwa na moyo mwembamba.

Mama yangu alifariki miaka hiyo. Mwenzangu alikuja na ndege ya kwanza, akakaa mkekani na shangazi zangu, kajifunga kanga, akalia kilio ambacho shangazi mmoja alisema hakijaliliwa hata na sisi wa damu. Naamini kililiwa kwa kweli. Hilo ndilo linaloniwia gumu mpaka leo. Kama angekuwa mtu mwongo tangu mwanzo, ningejua pa kumweka.

Baada ya hapo mama yake akawa ndiye mama niliyebaki naye. Alikwisha kustaafu, na watu wa kwao walitarajia arudi bara, lakini alisema nusu ya watu wa mji wetu wa Kilindoni amewapokea yeye kwa mikono yake siku walipozaliwa, hawezi kwenda mahali asipojua vitovu vya watu. Kila alasiri nilipofunga ofisi nilipita uani kwake tukanywa chai. Nilimpeleka kanisani Jumapili kwa pikipiki yangu, yeye kakaa upande, kitabu cha nyimbo kwenye paja. Akiumwa nilikuwa mimi. Mwanawe akipiga simu aliongea na sisi wote wawili kwa pamoja.

Habari niliipata kwa mteja. Mhasibu wa hoteli moja ya Utende alinipigia asubuhi kuuliza jambo la stoku, na kabla ya kukata akasema, "Na hongereni dada, nasikia mmeuza kampuni kwa Wazungu. Msitusahau."

Nilicheka. Nikamwambia maneno ya mjini hayo. Kisha nikampigia mwenzangu, hakupokea. Nikapiga tena. Alituma ujumbe: *Nitakupigia.* Alipiga siku ya pili yake.

"Ni kweli?" nikamuuliza hata kabla ya salamu.

"Ni kweli. Nilitaka nije nikuambie mwenyewe."

"Mmeuza nini? Mbona mimi sijauza?"

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake. Akasema, "Kisheria..."

"Usinianzie na kisheria."

"Sikiliza. Kwenye karatasi za kampuni, wewe uliandikwa mfanyakazi. Tangu mwanzo. Nilisajili haraka, nilikuwa peke yangu, nikasema tutarekebisha. Halafu wawekezaji wakaingia, ikawa ngumu. Lakini nimekuwekea kitu. Sijakusahau, shoga."

"Kitu," nilisema.

"Kitu kizuri."

Sikutukana. Watu wananiuliza kama nilimtukana. Nilikata simu. Hicho kitu sikukichukua. Baadaye nilimwona mwanasheria, mtu mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nina maandishi gani. Nikamwambia nina shahidi, mama yake. Akaniangalia kwa huruma.

Lakini siku ile ya simu sikuwaza wanasheria. Nilivuka uani moja kwa moja kwenda kwa mama. Nilitaka mtu wa kushtuka pamoja nami. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua kunde, sinia mbele yake. Nikamweleza yote nimesimama. Vidole vyake havikusimama. Kunde ziliendelea kudondoka kwenye sinia, moja moja, na ndipo nilipofahamu.

"Mama, ulijua?"

"Keti kwanza mwanangu."

"Ulijua?"

"Aliniambia alipokuja Pasaka."

Pasaka ilikuwa imepita zamani. Masika yote ilikuwa imepita hapo kati. Nilihesabu kichwani, si siku, nilihesabu chai. Alasiri zote zile nikimsimulia mipango yangu, kwamba ofisi ya Mafia tutaihamishia barabarani, kwamba nimeona kiwanja, naye anasema, "Mungu atajalia."

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniomba nisiseme. Alisema atakuambia yeye. Nikawa nangoja akuambie."

"Na ulipoona haniambii?"

Hapo vidole vikasimama. Akafuta mikono kwenye kanga. "Yule ni mwanangu."

"Na mimi?"

Aliniuliza, na hakuniuliza kwa ubaya, "Ingekuwa wewe ndiye umefanya, mama yako angekuja kuniambia?"

Nilimjibu kwamba mama yangu angekuja kabla chai haijapoa. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mtu mzima. Sijui kama ni kweli. Mama yangu yumo kaburini, hawezi kuulizwa, na nilimtumia kama fimbo. Nikaondoka, mlango wa uani ukajibamiza nyuma yangu, na kwa muda mrefu sikuuvuka tena.

Yaliyofuata yalikuja kwa barua pepe. Wamiliki wapya hawakutaka kuhangaika na toleo lile la kufanya kazi bila mtandao. Wateja wadogo walitakiwa wahamie mfumo mpya au wajitegemee. Ofisi ya Mafia ikafungwa, nami nikashukuriwa kwa utumishi wangu. Hoteli kubwa zilihama bila shida, mtandao ulikuwa umekwisha kuwa mzuri. Bwejuu hawakuweza.

Nilivuka kwenda kuwaambia mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyewafungia. Nilimkuta katibu kivulini kwenye banda la jokofu. Alinipa kiti, lakini maji hakunipa.

"Kwa hiyo mmetutupa," alisema.

"Si mimi. Mimi mwenyewe nimetupwa."

"Usiniambie hivyo. Tangu siku ya kwanza ulituambia kampuni yako. Imeuzwa. Mwenye mali akiuza, anakula. Leo unakuja unaniambia hukuwa mwenye mali?"

Nikaanza kumweleza habari ya usajili, nikajisikia nikisema maneno yale yale niliyoyasikia kwenye simu: karatasi, kisheria, tangu mwanzo. Nikaacha. Nilipotaka haki yangu sikuweza kuonyesha kuwa kampuni ni yangu, na sasa nilikuwa siwezi kuonyesha kuwa si yangu. Wanawake wawili waliokuwa wakipara samaki walikuwa wameacha kazi wanasikiliza. Nilibaki pale mpaka alasiri nikiwahamishia kumbukumbu zao kwenye jedwali la kawaida ili wasipoteze kitu. Katibu alinishukuru wakati wa kuondoka, kama anavyoshukuriwa fundi. Chakula sikualikwa.

Kwa mama nilirudi kwa sababu ya ndoo. Nilikuwa barazani nikamwona akijikokota kutoka kisimani, mguu ule uliovunjika unamvuta, maji yanamwagika njia nzima. Nikaenda nikaipokea. Nikaifikisha mpaka jikoni kwake. Siku ya pili tulikunywa chai. Tuliongea habari za mvua, bei ya sukari, mchungaji mpya. Nilikuwa nachagua maneno kama mtu anayechagua mawe ya kukanyaga, na yeye aliona, na alinivumilia. Simu ya mwanawe ilipolia aliichukua akaingia nayo ndani.

Mwaka uliofuata mwenzangu alikuja kumchukua mama yake. Presha ilikuwa inapanda, macho yanafifia, na Dar kuna madaktari. Siwezi kusema alikosea. Alikuja kwetu bila kubisha hodi, akakumbuka, akarudi mlangoni akabisha.

"Karibu," nikasema.

Alikaa. Alikuwa amekonda. Akasema, "Ningekuambia, ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Na ingekufa. Ile kampuni ingekufa, shoga, hukuwa unaona hesabu nilizokuwa naziona mimi. Watu wangapi wangekosa kazi?"

"Labda ingekufa. Ungeniacha nikatae."

"Hukutaka kuondoka kisiwani. Mimi nilibeba kule peke yangu."

"Uliniuliza lini?"

Alianza kulia, na mkono wangu ulitaka kwenda begani kwake wenyewe, kwa mazoea. Niliuzuia. Akasema, "Naomba unisamehe."

"Nimekusikia," nilimjibu.

Alijua tofauti yake. Amekulia hapa.

Niliwasindikiza uwanja wa ndege kwa sababu mama aliomba. Aliwaaga watu mpaka wapagazi, wengine wanamwita mkunga wao. Wakati wa kuitwa alinivuta pembeni, akanishika uso kwa mikono miwili.

"Utakuja kuniona Dar?"

"Inshallah, mama."

Alikuwa ameishi pwani miaka mingi, alijua neno hilo linaweza kubeba nini. Alitikisa kichwa, akachukua kitambaa chake, akatembea taratibu kuelekea kwenye ndege, mwanawe kamshika kiwiko.

Mimi nimerudi stoo, hoteli nyingine, Utende ile ile. Tunatumia mfumo wa watu wengine, si ule. Kila jioni kuna vitu vimetoka bila kuandikwa, na mahali pa kusema hivyo hapapo, basi naviandika kwenye maelezo. Chumba cha uani nimempangisha mwalimu.

Mama hunipigia Jumapili akitoka kanisani. Simu za kwanza sikupokea, kisha nikapokea. Huniuliza kama wapangaji wapya wanafagia uwanja wake, nami humwambia wanafagia. Wiki iliyopita aliniuliza kama mwanawe ananipigia.

"Hapana mama," nikasema.

Akaniuliza kama mvua zimeshaanza kisiwani.